Ukoko

Saa tisa ya usiku, Montevideo, Julai,
baridi ya kusini inauma hadi kwenye fizi.
Nélida Pintos anamfunga farasi kwenye nguzo ya taa,
anamwambia, "Tulia, Canela,"
kisha anafunua pipa la kona
kama mpishi afunuavyo sufuria ya watu wengine.

Jungu kuu halikosi ukoko.

Kadibodi huku. Chupa kule. Kopo hukanyagwa kwanza,
kwacha!
lisije likabeba hewa:
mizani ya Don Aníbal hailipii hewa.

Majina ya wenye nyumba hayajui.
Anawajua kwa walivyotupa.
Ghorofa ya pili wamepata mtoto: nepi, tangu Machi.
Ya tano, yule bwana ameacha pombe
au amebadilisha pipa.
Na ya sita yuko mwanamke aoshaye makopo ya dagaa
kabla ya kuyatupa,
akayatia peke yake kwenye mfuko wa buluu,
fundo la masikio mawili,
kama mtu anayejua kuna mkono utakaokuja.
Miaka minane hawajaonana.
Miaka minane fundo halijamkatalia.

Idara ya usafi ina malori, ina takwimu, ina bango:
MJI SAFI NI KAZI YETU.
Katika hiyo "yetu" Nélida hamo.
Wameleta mapipa mapya, mdomo mwembamba
kama wa sanduku la sadaka,
na barua: ifikapo Desemba farasi marufuku,
mtapewa pikipiki za magurudumu matatu.
Pikipiki gani itajua njia ya nyumbani
dereva akisinzia?

Usiache mbachao, walisema wahenga.
Hawakusema mbachao ukishaachwa
ni wa nani.

Leo mfuko wa buluu haupo.
Ipo mifuko mikubwa, myeusi, minne,
imefungwa ovyo, fundo la watu wenye haraka.
Anaifungua.
Blanketi. Redio isiyo na mgongo.
Vidonge, nusu havijamezwa.
Makopo ya dagaa kumi na moja,
mazima.
Miwani.

Anasimama.
Lori la mji linampigia honi kwa nyuma: toka, toka.
Jengo zima limelala, madirisha meusi,
labda hata wa ghorofa ya saba hajaambiwa,
na msiba umeshapokewa hapa chini,
na mtu mwenye glavu moja.

Kazi ni kazi. Blanketi anamtandikia Canela mgongoni.
Redio ataivunja, ina shaba.
Miwani anaifuta kwa pindo la sweta;
kwenye mizani haina bei;
anaitia mfukoni.

Alfajiri, Casavalle, anafungua makopo mawili,
wanawe wanakula kwa mkate wa jana,
wanagombea mafuta yaliyobaki.
Wakishaondoka kwenda shule
anachota maji kwenye ndoo, maji ya barafu,
na kwa mara ya kwanza maishani mwake
anayaosha.