Kioo cha Kulengea

Nyuma ya kituo cha mabasi cha Ruwi, ghorofa ya pili,
juu ya duka la saa ambazo hakuna mbili zinazokubaliana,
Varghese aliifungua kamera ya marehemu kaka yangu
kama mtu anayepasua samaki wa mgeni: taratibu, bila kunusa.

Akakitoa kioo cha zamani kwa kibano.
"Usikiguse. Kidole kimoja tu, kimekwisha."
Kilikuwa na mkwaruzo wa Hilali, mrefu kama ukope.
Miaka ishirini nilidhani ni unywele angani.

Akatandaza kitambaa. Vioo vitatu,
kila kimoja hakizidi stempu mbili.

Cha kwanza kimekatwa kati.
Nikaelekeza dirishani: tangi la maji juu ya paa
likasimama mabega yakipishana,
nusu ya juu imehama bila kuaga.
Nikazungusha pete. Nusu zikarudiana, tak,
kama droo inayojua mahali pake.
Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Mpwa wangu Azzan, msomi, alikuwa chini garini.
Najua angesema nini: shangazi, hicho ndicho chako,
nusu Unguja, nusu Maskati.
Alhamdulillahi hakupata pa kuegesha.
Na Varghese, asiye na habari ya mafumbo,
akafunga ile lenzi yangu ndefu, ya bei rahisi,
nusu moja ikawa nyeusi tititi.
"Kioo kizima," akasema. "Lenzi yako ndiyo haina mwanga wa kugawa."

Cha pili kina vipembe vidogo vidogo katikati.
Ukikosea vinachemka, kama lami ya Barka saa saba mchana;
ukipatia vinanyamaza.
Nilikipenda kwa ukali wake,
mpaka jicho likaanza kuchemka nalo.

Cha tatu hakina kitu.
Ukungu mtupu, pembe hadi pembe.
Hakikati, hakichemki, hakikwambii umepata.
"Hiki cha wenye macho," Varghese akasema,
akaitazama miwani yangu, kisha akaitazama chai yake.

Lakini ninayetaka kumpiga ni mama.
Na uso wa mama hauna mstari ulionyooka
wa kukatwa na kuungwa. Shavu limeteremka,
ukingo wa ushungi hautulii kwa kuwa mwenyewe hatulii.
Ni uso wa kuutafuta, mbele kidogo, nyuma kidogo,
kama unavyotafuta neno
ulilokuwa nalo jana jikoni.

Riali kumi na nne. Cha tatu.
Cha Hilali nikafungiwa katika karatasi ya risiti.

"Umenunua nini?" Azzan akauliza.
"Kioo."
"Kwani kamera haikuwa na kioo?"
"Ilikuwa nacho. Endesha."

Al Khoud, sebuleni, mama anashona kofia,
sindano inapita tundu la punje ya ufuta.
Nikamlenga. Nikampata, nikampoteza,
aliinuka kuzima jiko, akarudi amekaa upande mwingine.
Nikampata sikio.
"Lete hapa," akasema. "Unanichosha."

Akaliweka jicho lile walilomtoa mtoto wa jicho Shaaban iliyopita.
"Mbona ndani mna moshi?"
"Zungusha hiyo pete, mama."
Akazungusha kama mwenye kufungua chupa ya samli,
akapita, akarudi, akapita tena kidogo.
Mdomo wake ukakaza, ule wa kuvuta uzi.

"Hapo. Sasa ndiyo wewe.
Usipumue. Na hiyo miwani, ivue."

Nikaivua.
Mama akawa ukungu mtupu, pembe hadi pembe.

"Umekunja uso," ukungu ukasema.