Kifundo cha Uelekeo

Ulises alipokwenda Calama kuchimba shaba
aliniachia paka, deni la gesi, na ndege ya abiria
ya viti mia moja na themanini
inayokaa juu ya meza yangu ya kushonea.

Skrini mbili, usukani, kisanduku cha plastiki
alichokiunda mwenyewe usiku usiku,
na katikati ya kisanduku, kifundo
kikubwa kama kizibo cha dawa ya kikohozi:
uelekeo.

Miaka thelathini na mmoja nimepanga barua, posta ya Punta Arenas.
Najua jinsi kitu kinavyofikishwa mahali.
Nikasema, nitaruka hadi kwake.

Nikapaa. Namna nilivyopaa tusiiseme.
Nikamwachia ndege rubani otomatiki,
nikazungusha kifundo hadi mia tatu na hamsini,
kaskazini kasoro kidogo.
Namba zikakubali, zikakaa dirishani mwao zikiwaka,
na ndege ikazidi kwenda Atlantiki
kana kwamba aliyezungusha ni jirani.

Nikazungusha tena. Nikazungusha kwa hasira.
Bahari, bahari.

Nikampigia. Nyuma yake malori yananguruma.
"Umevuta, mama?"
"Kuvuta nini?"
"Kifundo. Kuzungusha ni kuchagua tu.
Ukikivuta, umeamuru.
Ukikisukuma ndani, umeirudishia mashine
ifuate njia iliyoandikiwa."
"Sikuiandikia njia yoyote."
"Basi vuta."

Mimi! Niliyevuta subira miaka yote ya baba yake,
niliyevuta muda mlangoni na wadai wamesimama,
niliyevuta pumzi moja nikatia saini hati ya nyumba,
leo nashindwa na kizibo kwa kuwa sikukivuta.
Nikakivuta. Tik.
Bawa la kushoto likainama taratibu,
kama mtu anayesikia jina lake kanisani.

Lakini pua ilipotulia pale pale nilipotaka,
mstari wa ramani ukawa unakwenda kwingine,
mashariki, kidogo kidogo, Argentina inanisogelea.
Pua inaangalia huku, mwili unapita kule.
Nyuzi nane za uongo. Nikadhani nimeharibu kitu.

Ndipo dirisha la jikoni likatikisika
nikacheka peke yangu hata paka akashuka mezani.
Upepo! Wa magharibi, ule ule,
unaotufungisha kamba kando ya barabara tupate pa kushika.
Nani hapa asiyeujua? Ukitaka mkate kwa Doña Iraida,
siku kama hizi, hulengi duka la mkate.
Unalenga benki.
Upepo wenyewe utakusogeza hadi kwenye mkate.

Nikazungusha, mia tatu arobaini na mbili.
Safari hii bila kuvuta: ndege ikishatii
inatii kila tiki.
Nikailengesha benki, mstari ukanyooka.

Chini, mawingu na visiwa ambavyo sikuwahi kuvilipia nauli.
Juu ya Puerto Montt nikavua viatu.
Usingizi sikuualika.

Simu ndiyo iliyonizindua.
"Umefika?"
Nikatazama ramani, nikatafuta miwani, nikatazama tena.
Hakuna aliyeniambia kwamba uelekeo hauna mlango,
hauna mtaa, hauna namba ya nyumba.
Nimepanga barua maisha yangu yote
nami nimejituma bila anwani,
upande tu, kaskazini, kaskazini,
hadi mafuta yaishe.

"Nimekupita, mwanangu. Niko Peru."

Kicheko kile sijakisikia tangu Machi.
Kilikwama kooni kwake, kikageuka kikohozi cha vumbi,
kikarudi kikawa kicheko.
"Geuka basi. Wali nimeuepua."

Mia moja na sabini, nazungusha.
Upepo sasa utakuwa upande wangu wa kulia.
Usikate simu, Ulises.
Ngoja niitafute benki.