Kidole cha Mwisho

Mpini wa zamani ulipasuka Jumanne,
kwenye barafu, nyuma ya zizi la akina Tveit.
Bastola iliniponyoka kabla ya kazi,
farasi jike akaendelea kuhema
huku mimi nikipapasa theluji kama kipofu.
Nilimaliza, ufa ukinitafuna kiganja.
Mzee Tveit alinipa mgongo,
akajifanya anahesabu nguzo za uzio.

Leo niko kwa Hollis Brandvold,
duka la mafuta ya bunduki na kahawa iliyoungua,
maili sabini za Montana, njia ya mlimani imefungwa.
"Daktari," ananiuliza, "unataka wa kubebea au wa kupigia?"
Wa kuulia farasi, namwambia.
Anakohoa. Anafuta meza isiyo na vumbi.

Kisha anaipanga mipini juu ya kitambaa kama karata.

Wa kwanza ni mti wa jozi, umesuguliwa
mpaka taa ya dari inajiona ndani yake.
Naushika. Mzuri, ila mfupi;
kidole changu cha mwisho kinabaki hewani,
mgeni aliyekuta viti vimejaa.
"Na ukilowa?"
"Ukilowa ni kambare," anasema Hollis.
Utalowa. Kazi yangu haina siku kavu.

Pembe ya kulungu ni ya gwaride,
ya wanaume wenye vifungo vya mkanda kama visahani.
Ule mwingine una mifereji:
kuna mtu kiwandani aliyeamua
vidole vyangu vikae wapi.
Baridi yabisi ilikwisha kuvipeleka kwingine.

Halafu huu wa mpira.
Mweusi, mnene, sura mbaya,
kisigino cha buti kilichong'oka.
"Huu unameza teke," anasema, akiusogeza kwa kidole kimoja.

Sikuutaka. Nimweleze vipi?
Miaka ishirini na sita nimeamini
kwamba teke lile ni haki yangu,
kwamba kiwiko kinachoniuma hadi alfajiri
ni kodi ninayomlipia mnyama
aliyenitazama akidhani nimeleta shayiri.
Mpini laini niliuona udanganyifu:
kuua, kisha mkono usijue.

Husemwa mshika makali ndiye aumiaye,
mshika mpini yu salama.
Aliyesema hivyo mpini wake haukuwa na ufa.

Lakini kidole kisicho na kiti hutetema,
na mkono unaotetema hurudia risasi.
Risasi ya pili ndiyo dhambi. Ninazo mbili,
nazijua kwa majina:
Juniper wa akina Haugen, masika ya mafuriko,
na yule nyumbu wa kasisi, mzee, mwenye jicho moja.
Maumivu yangu hayakuwafaa kitu.
Yalibaki kwangu, kiwikoni, kama akiba.

"Nifungie huo wa mpira."

Skrubu ni moja tu, ileile ya zamani.
Hollis aliikaza kwa bisibisi ndogo,
ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo.
Dola thelathini na nne, kahawa bure.
Tukagundua kuwa unanasa:
bitana ya koti inaung'ang'ania kama mtoto.
Itabidi nitafute ala ya ngozi. Basi.

Vipande vya mti nilimwambia avitupe.
Aliviweka dirishani,
kando ya funguo zisizo na kufuli.

Garini, kabla ya kuwasha injini,
niliishika tena, tupu, mdomo ukitazama sakafu,
glavu mkononi.
Kidole cha mwisho kilipata pa kukaa.
Sikufurahi. Nilitulia hivyo kidogo,
kioo kikijaa mvuke wa pumzi yangu,
mpaka simu ikalia: ng'ombe wa akina Ostby,
ndama amekaa vibaya tumboni, njoo upesi.

Hiyo ni kazi ya mikono mitupu.
Nikaifungia bastola sandukuni, nikaondoka.