Gereji ya Shangazi

Nimeipima njia ya Mawaleh kwa miguu ya shangazi:
hatua mia mbili na kumi na nne,
langoni mpaka dukani kwa Bashiri,
na hapana pa kuketi
ila ukingo wa barabara, ambao kwake ni mlima.
Mimi ni mchora ramani wa manispaa.
Ukingo ule niliupa sentimita ishirini mwenyewe,
sikuuliza goti la mtu.

Tulijenga kwa ujana wetu:
ngazi za marumaru, teleza ukafe,
vyumba vya kulala juu, majilisi kubwa kuliko wageni,
kuta za mita tatu, gari nne kila nyumba,
kana kwamba hakuna atakayenyang'anywa usukani
na macho yake mwenyewe.
Sasa waliojenga wanazeekea ndani ya walichojenga.
Bwana Khalfani wa nyumba ya kona
hajapanda chumbani kwake tangu Mfunguo Tatu wa mwaka juzi;
kanzu zake hushushwa kwa kikapu na kamba,
naye hupokea chini, akicheka,
ila kicheko kile sikipendi.

Kaka yangu Yaarubu akasema, mama hatapanda ngazi.
Akamjengea chumba cha chini,
mlango mpana, sakafu isiyoteleza,
vishikio vya chuma bafuni, kengele ya kuvuta,
kiyoyozi kinachonong'ona.
Mchoro ni wangu. Niliuonea fahari.
Wiki ya pili tukamkosa chumbani.
Tukamkuta gerejini, lango wazi,
kiti cha plastiki kati ya tairi la akiba na mitungi ya gesi,
birika la kahawa juu ya boksi la rangi.
Bi Ghaniya, aliyekuja nchi hii binti
na Kiswahili chake ndani ya sanduku la bati,
akanijibu bila kuniangalia:

*Chumba chako ni kizuri, mlango wapita gari,
vishikio vya fahari, na kengele ya hatari,
lakini sioni heri, wala mtu wa habari,
nauona ukuta tu, nao hausemi nami.*

Nikavuta ndoo nikakaa.
Mpaka adhana ya alasiri walipita
watoto wa basi la skuli, mmoja kiatu kimoja;
kijana wa Bashiri na laban, akaamkia kwa Kiswahili cha kubahatisha,
shangazi akamsahihisha, kama kila siku;
paka mwenye mimba;
mke wa Khalfani, kasimama dakika ishirini
juu ya miguu inayomuuma,
maana kiti kilikuwa kimoja.

Usiku nikaifungua ramani ya mtaa mpya, nyumba mia tatu.
Nikafuta gereji mbele ya kila lango,
nikaandika kibaraza, kina paa, kinatazama njia.
Nikaushusha ukingo mpaka ukawa si kitu.
Nikaweka benchi kila hatua hamsini, yenye mgongo na mikono,
maana kuketi ni rahisi, kazi ni kuinuka.

Mkutanoni mkubwa wangu akauliza:
hizi benchi, jua la Julai, atakalia nani?
Nikamwambia: kwetu Izki
maji ya falaji yaligawiwa kwa kivuli cha kijiti,
kila shamba na zamu yake.
Sasa tugawe kivuli chenyewe.
Akaguna. Akahesabu gharama ya miti,
akakata benchi sita, akaacha nane.
Vibaraza, akasema, tutazungumza.

Nilipompa shangazi habari hakusifu.
Aliuliza benchi zinaangalia wapi.
Nikasema, barabara.
Zigeuze, akasema, ziangaliane.

Sikulijua hilo. Miaka minane ya chuo na kazi, sikulijua.
Kesho narudi kupima.
Ameniagiza nije na kiti changu,
ndoo anaitaka kwa kufulia.