Nyuzi Arobaini na Moja

Baba aliuza mawe ya Shigar kwa kilo,
kama viazi.
Mchuuzi wa Peshawar alihesabu noti amesimama;
chai ya chumvi ikapoa.

Sasa Kaniz ameinamia gurudumu,
maji yanadondoka, vumbi la almasi linakula ukingo
taratibu: nyuzi arobaini na moja,
si arobaini.

Jiwe lake la kwanza lilipasuka.
Alilia, umeme ukakatika, akacheka gizani.
Kipande anacho bado, kimefungwa pembeni mwa mtandio.

Mchuuzi amerudi na bei yake ileile.
Kaniz hajibu.
Analiweka dirishani lile la samawati
na mlima mzima, na theluji yake, unaingia ndani.

Baba anamimina chai.
Mchuuzi anavuta kiti.