Bado Haijatosha

Fulana niliyopewa ilishonewa mtu mwenye mabega.
Inanifika magotini, njano kama kiini cha yai.
Maureen Tasker ndiye mshika kipima mwendo:
alikuwa dereva wa basi miaka thelathini na mmoja,
amestaafu usukani, hajastaafu kufoka.
"Ishirini na nane," asema. Naandika.
"Thelathini na tatu, gari la mkate." Naandika.
Grzegorz husoma namba za magari,
herufi za Kiingereza katika kinywa cha Kipolandi
zikidondokea kalamu ya mtu wa Uvira.
Upepo wa Hull unatupekua mifukoni.
Hatuna pingu, hatuna faini.
Tuna karatasi na chai moja ya kupokezana.

Tulianza kwa sababu ya kiatu.
Cha kushoto, cha Robyn Pickersgill,
kilichobaki katikati ya Barabara ya Ellerthorpe
ambulensi ilipokwisha kuondoka na vingine vyote.
Hakuna aliyethubutu kukiokota.
Magari yakawa yanakizunguka, taratibu, kwa heshima:
kiatu kilipishwa,
mtoto hakupishwa.

Tukaiandikia halmashauri: tupeni kivuko.
Halmashauri ikajibu kwa adabu nyingi
kwamba idadi ya waliojeruhiwa bado haijatosha.
Neno hilo nilikwenda nalo zamu ya usiku,
nikiwageuza wazee vitandani, ubavu hadi ubavu.
Haijatosha. Kama unga. Kama nauli.
Maureen akaandika chini ya barua, kwa wino mwekundu,
Wangapi wanatosha?
akairudisha bila stempu.

Basi tukajitosheleza.
Tukabandika ishirini kubwa kwenye mapipa ya taka,
na kila Alhamisi mapipa yanapanga mstari,
yanawakaripia madereva kwa vifua vya plastiki.
Grzegorz akagonga masanduku ya maua kwa mbao za godoro la mizigo,
akayaweka kwenye kona, ili barabara ijione nyembamba.
Bi Shukri wa namba kumi na nne
akatoa kiti chake mlangoni, akakaa tu.
Gari hupunguza mwendo likitazamwa na Bi Shukri.

Kwetu tunasema haraka haina baraka.
Aliyeyasema hayo hakuwa na kazi mbili.

Jumanne ya sita. Ukungu.
"Thelathini na nane!" Maureen akapiga mluzi.
Grzegorz akaanza kusoma namba, akanyamaza,
maana mwisho wake niliumalizia mimi, kwa ghaibu,
kama mtu aitikiavyo dua.
Gari la bluu, mlango mmoja wa kijivu:
kaka yangu Byamungu, katoka kiwanda cha nyama,
macho mekundu, anamkimbilia bintiye
asichelewe shule,
shule hiyo hiyo.

Walinitazama. Hakuna aliyesema andika.
Hakuna aliyesema acha.
Kalamu ilinilemea kuliko mzee yeyote niliyewahi kumgeuza.
Nikaandika.

Siku tisa baadaye barua ikaja,
na nyumbani kwetu barua zote nazisoma mimi:
za umeme, za daktari,
ile iliyosema tumekubaliwa kukaa.
Byamungu akanipa bahasha, akaketi,
povu la sabuni bado shingoni.
"Wanasemaje?"

Nikasafisha koo.
Nikasoma siku, nikasoma saa, nikasoma mtaa.
Sikuruka kitu.
Alipoisikia saa, macho yake yakaenda mlangoni,
kwenye fulana ya njano iliyotundikwa ikauke,
yakakaa pale.
Kisha akauliza kama chai ipo.

Kesho yake mtoto alichelewa shule dakika nne.
Mwalimu akaandika barua.
Hiyo nayo nimeisoma mimi.