Usinishukie

Jumanne, saa moja na nusu jioni, juu ya duka la mazulia,
Barabara ya Oxford, mji wa Reading,
napanda ngazi na mgongo wangu wa zamu ya usiku,
mgongo uliogeuza wazee kumi na mmoja kabla ya alfajiri,
uliopiga goti kutafuta meno ya bandia uvunguni,
ukaja kwa basi umekunjwa
kama risiti mfukoni.

Yamileth hasemi karibuni. Anazunguka nyuma yetu,
anabonyeza kidole gumba kati ya makombe ya mabega
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
"Hapa," anasema. "Salsa inaanzia hapa.
Miguu ni habari ya baadaye."

Mimi ni mrefu. Niseme mapema.
Darasa la sita, Korogwe, waliniita Nguzo ya Simu.
Mama mdogo akasema hakuna mwanamume anayeoa ngazi.
Samaki mkunje angali mbichi,
nami nilikuwa mbichi, wakanikunja:
shingo mbele, kifua ndani, viwiko ubavuni,
nikawa napita milangoni nimeinama
hata pale mlango uliponitosha mimi na ndoo kichwani.

Sasa nina miaka arobaini na minne
na bado naingia kwenye lifti kama ninayeomba radhi.

Mwenzangu leo ni Bwana Pocock,
fundi wa lifti, mstaafu, viatu vimepigwa rangi vikang'aa.
Utosi wake unakomea kwenye mtulinga wangu.
Basi mimi, kwa adabu, najishusha:
navunja kiuno, nazamisha kidevu,
mkono wangu unamlemea begani kama koti lililolowa.
Moja mbili tatu. Nayumba. Tano sita saba.
Namkanyaga. Anatabasamu kwa uchungu, Kiingereza kabisa.

Nne na nane hazitamkwi.
Hapo ndipo mtu hupumua, asema Yamileth,
na hapo ndipo, nagundua, mimi huanguka.

Ndani ya basi nilijitungia ubeti nisisahau,
mizani nane nane, kama alivyotudai Mwalimu Shekalaghe:

     Shingo isimame wima,
     mabega yashuke nyuma,
     goti liwe na huruma,
     na macho yasiwe chini.

Lakini goti halisomi mashairi.

Wimbo wa tatu, Bwana Pocock anasimama katikati ya ukumbi,
wengine wanatuzunguka kama maji na jiwe.
"Usinishukie," ananiambia.
"Miaka thelathini na moja nimesimama chini ya mashimo ya lifti
nikitazama juu. Shingo yangu imeshazoea.
Tena nikupe siri ya kazi: lifti haipandi kwa kukaza misuli.
Inapanda kwa kuwa nyuma yake, pasipoonwa na abiria,
kuna chuma kizito kinashuka."

Chuma kinashuka.

Nikayaachia mabega. Yakateremka taratibu,
ghorofa baada ya ghorofa,
yakapita zamu, yakapita uvungu na meno yake,
yakapita uwanja wa shule wenye vumbi jekundu,
yakamkuta mama mdogo akichambua mchele,
yakampita bila kumwamkia.
Na shingo, bila kuulizwa, ikapanda.

Huku juu kuna mambo.
Kuna saa ya ukutani iliyosimama saa nne kasoro.
Kuna mvua dirishani, na taa za duka la kuku ng'ambo.
Kuna plasta ndogo kwenye upara wa Bwana Pocock;
alijikwaruza wapi, na nani aliibandika?
Mkono wangu, umeacha kulemea, sasa unasikia:
kidole chake kikasema kushoto
nami nilikuwa nimeshafika kushoto,
nimegeuka, nimerudi,
nne ikapita kimya, na sikuanguka.

Wimbo wa tano nilimkanyaga tena.
Ila safari hii
nilimkanyaga nikiwa wima.